Mbalanga haiui, ndiyo maana haiulizwi

"Haina madhara." Mtu mwenye mbalanga akienda kituo cha afya, hapa Mtwara au kule Lindi, mara nyingi hurudi nyumbani na maneno hayo mawili. Haiambukizi, haiumi, haiui. Mhudumu hajasema uongo. Kinga ya mwili imezishambulia seli zinazotengeneza melanini, ile rangi inayoipa ngozi weusi wake, na mahali hapo ngozi imebaki nyeupe. Mtu anaweza kuzeeka hivyo bila moyo wala ini lake kuguswa. Hospitali kwanza huuliza nani anakaribia kufa na nani ataambukiza wenzake, na kwa hesabu hiyo foleni imejaa wenye haki zaidi: mtoto mwenye malaria kali, mama mwenye uchungu wa uzazi, mzee ambaye shinikizo lake la damu limepanda. Naielewa hesabu hiyo. Ninachobishia ni kuifanya hesabu pekee, kwa sababu madhara ya mbalanga yapo, ila yanatokea mahali ambapo hakuna mhudumu aliyekaa na kalamu: kwenye sinia la msibani, kwenye bomba la udhu, kwenye beseni la muuza ming'oko (viazi pori vya kuchemsha), kwenye kikao cha posa.

Na wenye tatizo hili si wachache. Makadirio ya dunia huwaweka kati ya nusu ya asilimia moja na asilimia mbili ya watu wote. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.6 mkoani Mtwara na karibu milioni 1.2 mkoani Lindi. Tukichukua kiwango cha chini kabisa, mikoa hii miwili ina watu wapatao elfu kumi na nne wenye mbalanga. Karibu nusu ya wagonjwa huanza kuona baka la kwanza kabla ya kufikisha miaka 20, yaani katika umri ule ule wa jando na unyago, wa shule ya sekondari, wa barua za kwanza za uchumba. Ugonjwa usioua umechagua umri ambao mtu yuko radhi afe kuliko kuchekwa.

Wengine watasema ni kawaida, watu popote walipo huogopa ngozi iliyo tofauti. Sikubali, na ushahidi wangu uko hapa hapa Kusini.

Tazama mikono ya wanawake wanaobangua korosho. Ganda la korosho lina mafuta mazito yanayounguza. Wanaobangua kwa mkono hujipaka majivu au mafuta ya kula ili kujikinga, na bado vidole huwa vyeusi, ngozi hubanduka, kucha hubadilika rangi. Kwa jicho la mgeni mikono hiyo inatisha kuliko mikono yenye mbalanga. Lakini sijawahi kuona mtu akikataa kula na mama mwenye mikono ya korosho. Hakuna anayemuuliza amefanya nini, maana kila mtu anajua amefanya nini. Hali ni ile ile wakati wa kupulizia salfa mashambani, macho yanapokuwa mekundu na shingo zinapowasha kuanzia Tandahimba hadi Nachingwea. Mtu anajikuna hadharani na mwenzake anamwambia tu akaoge.

Halafu watazame wazee wa Kimakonde wa uwanda wa Newala ambao bado wana nembo usoni. Ngozi ilichanjwa kwa makusudi, ikapakwa mkaa, ikapona na michoro ya kudumu. Fundi alijulikana, na aliyeutazama uso huo aliweza kujua mambo kadhaa kuhusu mwenyewe kabla hajafungua kinywa. Watu waliouchora uso kwa kisu na kuuona mzuri hawawezi kuambiwa kwamba kwa asili yao hawavumilii ngozi yenye alama.

Tofauti ninayoiona ni hii: nembo ina maelezo, mikono ya korosho ina maelezo, mbalanga haina. Inatokea yenyewe, bila jeraha wala homa, kwenye ncha za vidole au pembeni mwa mdomo, kisha inatanuka bila kufuata ratiba. Kitu kisicho na maelezo mwilini mwa mtu huwa hakikai hivyo kwa muda mrefu, kwa sababu majirani hukitungia hadithi. Maumivu makubwa ya mwenye mbalanga, kwa maoni yangu, yanatoka katika kuishi ndani ya hadithi aliyotungiwa na wengine. Na mhudumu anayesema "haina madhara" akafunga faili amemnyima mgonjwa kitu cha kuwajibu watunzi hao.

Hadithi zenyewe tunazijua. Ya kwanza ni kwamba amekanyaga dawa. Hii ndiyo naiogopa kuliko zote, kwa sababu ina swali la pili ndani yake: dawa ya nani? Ikishasemwa, shangazi fulani hatakaribishwa tena, au jirani waliyegombana naye mpaka wa shamba la mikorosho anageuka mtuhumiwa. Binti mwenye baka mkononi anakuwa kielelezo katika kesi ambayo hakuifungua yeye. Akitaka kwenda hospitali anaonekana kama anawatetea wabaya wake, na akipona kidogo mganga anachukua sifa. Kila baka jipya linafufua ugomvi. Nimewasikia wenye hali hii wakisema wanachojilaumu zaidi ni kuona ukoo umegawanyika kwa ajili ya ngozi yao, na hiyo ni aina ya huzuni ambayo hakuna krimu inayoigusa.

Ya pili ni mwiko wa ukoo: kala nyama au samaki ambao babu zake walikatazwa. Hii angalau haina mchawi. Inampa mgonjwa orodha ya vyakula vya kuacha, naye anaacha, na hakuna kinachobadilika.

Ya tatu ni kwamba amejichubua. Hii imezidi kushika tangu krimu za kung'arisha zilipoenea, pamoja na zile zilizopigwa marufuku kwa ajili ya zebaki na haidrokwinoni. Mwenye mbalanga usoni anahukumiwa kwa tamaa ambayo hakuwa nayo. Wenye umri wangu tunakumbuka Michael Jackson alipofika Dar es Salaam mwaka 1992. Vijiweni mazungumzo yalikuwa hayo hayo: huyu mtu mweusi ameikana rangi yake. Mwaka uliofuata, Februari 1993, alimweleza Oprah Winfrey kwenye televisheni kwamba ana ugonjwa unaoharibu rangi ya ngozi. Wengi hawakumwamini. Alipofariki tarehe 25 Juni 2009 uchunguzi wa mwili wake ulithibitisha kuwa ni kweli alikuwa na mbalanga, na leo tarehe hiyo ndiyo siku ya mbalanga duniani. Kama mtu maarufu kuliko wote, mwenye kamera za dunia nzima mbele yake, hakuweza kuifuta hadithi aliyotungiwa, sijui tunamtegemea nini kijana wa Chikongola.

Ya nne ni ukoma. Kusini ukoma si jambo la vitabuni, wagonjwa wapya bado wanagunduliwa, kwa hiyo hofu hii ina mizizi. Kutofautisha si kazi ngumu kwa mhudumu aliyefundishwa: baka la ukoma hupoteza hisi na rangi yake hufifia bila kuwa nyeupe kabisa, wakati baka la mbalanga ni jeupe pe na linahisi kila kitu, mpaka jua linaloliunguza. Ila kuna mtego hapa ambao hata wenye mbalanga huutumbukia. Mtu akijitetea kwa kusema "mimi si mkoma", amejinasua kwa kumkanyaga mwingine. Ukoma nao unatibika, dawa mseto hutolewa bure, na aliyekwisha kuanza dawa hizo haambukizi tena baada ya muda mfupi. Naye alistahili mkono wake upokewe.

Sasa tuingie ndani ya siku ya mtu huyu, maana hapo ndipo neno "madhara" linapopata uzito.

Kusini tunakula pamoja. Msibani, arusini, kwenye maulidi, sinia linawekwa chini na watu watano au sita wanalizunguka, mikono inaingia. Mwenye mbalanga vidoleni ana sekunde chache za kusoma nyuso kabla hajanyoosha mkono wake. Akichelewa, ameonekana anaringa. Akiwahi, huenda akaona mkono wa jirani ukisita. Mara nyingi hakuna anayesita, ila yeye hawezi kujua kabla, kwa hiyo kila sinia ni mtihani hata pale ambapo kila mtu amefaulu. Wengi hulimaliza tatizo kwa kusema wameshakula. Ukiona mtu ambaye kila shughuli "ameshakula", mtazame vizuri.

Kibaya zaidi ni pale wenyeji wanapomwahi. Analetewa sahani yake, kwa tabasamu: "Wewe kula kwa nafasi, mgeni wetu." Hakuna tusi lililotamkwa. Akilalamika ataonekana hana shukrani, na akinyamaza amekubali. Utaratibu wa heshima umetumika kumtenga, naye hana pa kushika ili alalamike.

Msikitini kuna bomba la udhu. Mikono ya shati inakunjwa mpaka viwikoni, miguu inaoshwa, wote wakiwa wamepanga mstari. Mwanaume anayevaa shati la mikono mirefu na viatu vya kufunika wiki nzima hapo hana pa kujificha. Baadhi huamua kutawadha nyumbani, wakaingia swala inapokimiwa na kutoka mapema, kabla ya kupeana mikono. Jamaa wanadhani imani yake imepungua.

Sokoni ni riziki. Mchukulie mama anayechemsha ming'oko na kuiuza kituo cha mabasi Masasi. Bidhaa yake inamenywa na kupakuliwa kwa mkono. Mabaka yakianza kwenye vidole, wateja hawasemi kitu, wanahamia kwa mwenzake. Akivaa glovu wanauliza anaficha nini. Kwake mbalanga ni tatizo la mtaji kabla halijawa la urembo, na wasiwasi anaolala nao hauna tofauti na wa mtu aliyefukuzwa kazi.

Na binti siku ya kutolewa unyagoni anapambwa, anabebwa, anatuzwa, macho ya mtaa mzima yakiwa kwake. Ndiyo maana yote ya siku hiyo, kutazamwa. Yako mabaka ambayo kanga haiwezi kuyafunika.

Nitasema jambo ambalo washauri nasaha huenda wasilipende. Wapo wenye mbalanga wanaosema mtu anayewapumzisha kuliko wote ni mtani. Mtani anafika msibani, anamtazama, anatangaza mbele ya watu: "Huyu Mungu alianza kumpaka rangi, kopo likaisha!" Watu wanacheka, naye anacheka, na mtani huyo huyo anaketi sinia moja naye. Jambo limesemwa, limekwisha. Jirani mstaarabu ambaye hajawahi kulitaja hata siku moja, lakini hajawahi kumpa mkono pia, anaumiza zaidi. Sisemi dhihaka ni dawa. Utani una wenyewe na mipaka yake, na mwanafunzi anayemwita mwenzake "pundamilia" darasani si mtani wake, ni mnyanyasaji. Nasema ukimya wetu wa adabu usijihesabu kuwa wema.

Wataalamu wa ngozi si kwamba hawajui haya. Mwaka 1994, kule Cardiff, Andrew Finlay na Gul Karim Khan walitoa dodoso fupi la maswali 10 la kupima ugonjwa wa ngozi unavyoathiri maisha ya mtu. Alama zake ni kuanzia 0 hadi 30, na anayezidi 10 huhesabiwa ameathirika sana. Dodoso hilo limeenea duniani na ninaliheshimu, maana lilimlazimisha daktari kuuliza kuhusu aibu, mavazi, kazi na ndoa. Lakini limebeba maisha ya kwao. Swali mojawapo linauliza kama ngozi yako imekuzuia kwenda madukani au kuhudumia nyumba na bustani. Bustani! Hakuna swali la sinia. Hakuna la kupeana mikono, wala la ukoo uliogombana kwa sababu ya mganga. Muuza ming'oko wangu anaweza kujibu maswali yote kumi kwa uaminifu, akatoka na alama ndogo, na bado akawa amepoteza wateja na shangazi mwaka huo huo. Kuuliza "ni lini mara ya mwisho umekula na watu?" hakuhitaji mashine. Ningelianza nalo.

Tiba zipo, tena zinasonga mbele. Kuna krimu za steroidi, kuna takrolimusi, kuna mwanga maalumu wa urujuanimno unaotolewa mara mbili au tatu kwa wiki kwa miezi kadhaa. Julai 2022 Marekani iliidhinisha krimu ya ruksolitinibu, ya kwanza kuruhusiwa huko kwa kurudisha rangi ya ngozi yenye mbalanga. Kwa mtu wa Liwale au Nanyumbu hizo ni habari za mbali. Tanzania ina bahati ya kuwa na kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanza 1992 na kinachohudumia nchi nyingi za Afrika, ila kutoka Mtwara hadi Moshi ni zaidi ya kilomita elfu moja, na mkulima anasafiri korosho zikishapigwa mnada na malipo yakaingia. Tiba ya mara tatu kwa wiki haisubiri msimu. Tena mwili wenyewe una kejeli yake: uso huitikia dawa vizuri kuliko vidole na nyayo. Mikono, inayoingia kwenye sinia, ndiyo migumu kurudisha rangi.

Kwa hiyo watu hujitibu. Wengi huanzia duka la dawa, wakauziwa dawa ya fangasi kwa kudhaniwa kuwa ni mba, na miezi inapita. Wanawake wa Pwani wana njia yao ya kufunika: piko. Inakolea vizuri, inakaa siku kadhaa, na mkono unaonekana umepambwa kwa harusi. Tatizo ni kwamba piko nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD, ambayo kwa baadhi ya watu hutoa malengelenge na yenyewe inaweza kuua rangi ya ngozi. Mtu anafunika baka, analiongezea. Ningependa kila mhudumu aulize kuhusu piko bila kukaripia, maana anayekaripiwa hatasema.

Mitandaoni jibu limekuwa moja: jikubali. Picha za mwanamitindo Winnie Harlow wa Kanada zinasambazwa na maneno ya kutia moyo. Sina ugomvi naye, amefungua milango. Ila "jikubali" inamrudishia mgonjwa kazi yote. Mama yule alikwisha kujikubali; wateja ndio hawajamkubali. Kumwambia apende ngozi yake wakati mtaa unaiogopa ni kumtuma akatatue peke yake jambo ambalo limetengenezwa na watu wengi.

Maelezo yapelekwe kwa hao wengi, na yaanzie nyumbani kwa mgonjwa. Mhudumu akishatambua kuwa ni mbalanga, aseme: njoo tena, uje na mtu unayekula naye. Mama mkwe, kaka mkubwa, yeyote ambaye neno lake lina uzito. Aketi, aelezwe kuwa kinga ya mwili imekosea adui, kwamba hakuna aliyefanya kitu, kwamba haipiti kwa jasho wala kwa tonge. Dakika kumi. Mtu huyo akitoka hapo ameshika maelezo yanayoweza kushindana na ya mganga, na yatasemwa kwa kinywa kisichoshukiwa kujitetea. Baada ya hapo ningewafuata makungwi na manyakanga, wakuu wa unyago na jando, ambao wanaweza kumwambia mtaa mzima jambo likasikika kuliko bango la wizara. Imamu akisema neno baada ya swala ya Ijumaa kuhusu kupeana mikono, bomba la udhu litakuwa jepesi. Mwalimu wa darasa ana nafasi yake, akijua kwamba "pundamilia" si mzaha.

Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuyafanya magonjwa ya ngozi kuwa kipaumbele cha afya ya jamii. Azimio ni zuri, ila likifika Kusini kama shehena ya krimu peke yake, litakuwa limefika nusu.

Yapo pia ambayo maelezo hayatayamaliza, na sipendi kuahidi nisichoweza. Kikao cha posa kitaendelea kuuliza. Mshenga atavuta mtu pembeni: watoto nao watatoka hivi? Jibu la kweli ni kwamba hatari kwa ndugu wa damu imezidi ile ya watu wengine, ingawa bado ni ndogo, na watoto wengi wa wenye mbalanga hawaipati kabisa. Jibu hilo lina "ndogo" na "wengi" ndani yake, na familia inayotaka ndiyo au hapana haitaridhika upesi. Kwa sasa binti mwenyewe ndiye anayeachiwa kulitoa, akiwa amekaa chumba cha pili, kwa watu ambao hawakumuuliza yeye. Ningependa litolewe na mhudumu wa afya wa kijiji, mapema, wakati bado ni mazungumzo ya kawaida na hakuna mahari iliyotajwa.